Wimbo Haukuwa na Kosa

Mimi ni mtu wa kuropoka. Wanaonijua hapa Kasongo watakuambia hivyo kabla hata hujauliza. Lakini maneno niliyoyasema Salamabila sikuyaropoka. Niliyatafuta, nikayapima, nikayatoa nikiwa na akili zangu timamu, na ndiyo maana yananikera kuliko upuuzi wote niliowahi kuusema kwa haraka.

Nilikuwa mchezaji wa nzango. Kwa asiyeujua, nzango ni mchezo wa wanawake na wasichana. Wawili wanasimama wakitazamana, wenzao nyuma wanaimba na kupiga makofi, nao wanaruka kwa kufuata wimbo. Wimbo ukifika mahali pake, kila mmoja anarusha mguu mbele. Miguu ikiangukia upande mmoja, timu moja inapata pointi. Ikipishana, pointi ni ya timu ya pili. Basi. Ukiwa nje unaona ni mchezo wa watoto. Ukiwa ndani unagundua kwamba una muda mfupi kuliko wa kupepesa jicho kuujua mguu wa mwenzako kabla hajaujua wako, na kwamba kichwa chako, ambacho kutwa nzima kinazurura kama mbuzi aliyekata kamba, sasa kinatakiwa kisimame mahali pamoja.

Mimi nilikuwa na miguu mizuri na kichwa cha hovyo. Aliyenifunga kamba kichwani alikuwa shangazi yangu.

Shangazi ni mdogo wa baba yangu. Zamani aliruka yeye mwenyewe, na wanaomkumbuka wanasema hapakuwa na mfano wake. Kisha goti likavimba, likapona, likavimba tena, akahamia nyuma akawa mwimbishaji wetu. Alikuwa na nyimbo za Kibangubangu na za Kizimba alizozipata kwa bibi zake, alizipunguza na kuzifupisha mpaka zikatosha mruko, na sauti yake ilikuwa kavu, isiyo na madoido. Kwa kuruka, sauti kavu ni bora kuliko tamu, maana unajua wapi itakanyaga.

Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na kinu ambapo mama alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo. Huko ndiko shangazi alikonifundishia. Ananisimamisha, anaimba, mimi naruka, na katikati ya wimbo anaanza kunichokoza.

"We, sufuria iko naungua!"

Nageuka. Mguu wangu unatoka ovyo.

"Umepoteza. Tena."

Tunaanza upya.

"Ile dreva wa moto anakuulizia, amesimama pale mulangoni."

Nageuka tena; hakuna pikipiki wala dreva. Mama naye anacheka mpaka anaacha mchi.

"Weye iko na masikio ya sungura," shangazi ananiambia. "Sikia. Ukiingia ndani, hakuna sufuria, hakuna mwanaume, hakuna baba yako. Iko magoti yake na wimbo wangu. Goti ndilo linasema mguu gani utakuja. Uso unadanganya, goti halidanganyi. Macho yako yashuke pale na yabaki pale."

Ilichukua miezi mingi, lakini nilishika. Ilifika mahali angeweza kunitukana ukoo mzima, na ni ukoo wake pia, nisiinue jicho. Baba alipopita alitikisa kichwa, akasema tumekuwa vichaa wawili ndani ya boma moja. Yeye alishakubali tucheze, mradi tuvae suruali ndefu chini ya kitenge na vichwa tuvifunge vizuri. Alikubali kwa shingo upande, lakini alikubali.

Sasa niseme jambo ambalo shangazi hakulisema sana, ingawa wote nyumbani tulilijua. Alikuwa na binti Kindu. Ndoa yake ilipovunjika, watu wa mume walimbakiza mtoto, na yeye akarudi Kasongo na sanduku moja. Wakati ninaouzungumzia ilikuwa imepita miaka minne bila kumtia machoni. Watu walimwambia aende tu, barabara ni mbaya lakini inapitika. Alikuwa akijibu hivi:

"Niende kama nani? Nipige hodi kama mutu wa kuomba chumvi? Wataniacha nje kwenye kibaraza, wataniambia mutoto iko shule."

Kwa hiyo tuliposikia kwamba timu itakayoshinda kati yetu na wanawake wa Salamabila itakwenda Kindu kwenye mashindano ya jimbo, shangazi alibadilika. Alimtumia mtoto habari kupitia mama mmoja muuza vitenge anayekwenda na kurudi, kwamba mama yako anakuja na timu, uje uwanjani, utamwona mbele ya wote akiimbisha. "Nitaingia Kindu na jezi mugongoni," aliniambia. "Wataona wenyewe mimi siye mutu wa kibaraza." Alianza kushona gauni, kwa kukisia, maana hakujua mtoto amefikia wapi.

Tulikwenda Salamabila kwa moto, yaani pikipiki, abiria wawili wawili, mwaka ambao barabara ilikuwa tulivu. Tulipumzika Wamaza, tukala mihogo ya kuchemsha kwa karanga, tukanyoosha miguu iliyokufa ganzi. Shangazi alisugua goti lake kwa mafuta ya mawese bila kulalamika. Tulifika tumejaa vumbi hadi kwenye kope.

Salamabila si mji wa kukaa kimya. Jenereta zinanguruma, muziki unatoka kila duka, na kila duka la pili lina mizani mezani kwa ajili ya dhahabu. Wanaume walikuja uwanjani moja kwa moja kutoka mashimoni, buti zao zikiwa na tope, watu wa Uvira, wa Bukavu, wa Shabunda, wa kila mahali, na walikuwa na kiu ya kitu cha kushangilia. Wanawake wa timu yao wengi walikuwa wapishi na wabebaji wa mchanga. Miguu yao haikuwa ya mchezo.

Tulikwenda nao sawasawa mpaka mwisho. Wakipata, tunapata. Jua lilikuwa bado kali, na mwamuzi alipotangaza mpambano wa mwisho pointi zilikuwa zimelingana kabisa. Wimbo ulikuwa zamu yetu. Mruka wa mwisho nilikuwa mimi.

Nakumbuka nilivyoingia. Nilikuwa mtulivu, na simsifu mtu bure, hata nafsi yangu. Mwenzangu alikuwa mwanamke mfupi, mnene wa miguu, asiyetabasamu. Nilishusha macho kwenye magoti yake. Shangazi akaanza. Kila kitu kikaondoka, jenereta, wanaume, jua, vikabaki magoti mawili na sauti moja kavu. Tuliruka mara ya kwanza, ya pili. Niliona goti lake la kushoto linavyolegea kabla ya kuruka. Nilimjua. Naapa nilimjua.

Ndipo nikaona simu.

Kijana mmoja mwenye shati jeupe alikuwa amechuchumaa ukingoni, ameishika simu mbele yake, anatupiga video. Hakunisemesha wala hakunipigia mluzi. Alikuwa tu pale, na lile jicho la simu lilikuwa linanitazama mimi. Nikafikiri: hii itafika Kasongo. Watu watanionyesha kwenye simu zao. Nikafikiri kitambaa changu cha kichwa kimekaa upande. Halafu, ee Mungu nisamehe, niliinua uso na kutabasamu.

Wimbo ukafika mahali pake. Mguu wangu ukatoka wenyewe, wala sijui ni upi hadi nilipousikia ukikanyaga. Uwanja ulilipuka, na haukulipuka kwa ajili yetu.

Wanawake wa Salamabila walimbeba mwenzao juu juu. Mimi nilisimama pale pale nikitazama mguu wangu, kana kwamba ni wa mtu mwingine aliyeusahau pale. Mwalimu wa timu yetu, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na alituchukulia wote kama darasa la tatu, alinifuata.

"Nini imefika? Ulikuwa naye mukononi. Nini imefika?"

Hapo ndipo nilipoyatafuta yale maneno. Lazima nieleze desturi yetu moja. Kwetu, mruka akisema wimbo umemponyoka, hakuna anayebishana naye. Aliyekuwa ndani ni yeye, masikio yalikuwa yake, na mwimbishaji anainamisha kichwa na kukubali. Ni desturi nzuri. Iliwekwa ili wasichana wasipigane baada ya mchezo. Nilikuwa naijua vizuri, na niliitumia.

"Wimbo ulinikimbiza," nikasema. "Uliongeza mbio pale mwisho."

Shangazi alikuwa amesimama nyuma ya mwalimu, karibu kabisa. Alinitazama. Nilidhani atapinga, na nilikuwa nimeshajiandaa kubisha, hata machozi nilikuwa nayo tayari. Akainamisha kichwa.

"Labda ni vile," akasema. "Nimechoka. Labda niliongeza."

Tulirudi Kasongo. Nilijipoza kwa hesabu rahisi: tumeshindwa wote, hakuna anayekwenda Kindu, kwa hiyo uongo wangu haujamnyima mtu chochote. Aibu ingekuwa yangu, imekuwa yake, yeye ni mtu mzima, ataizoea. Nililala vizuri, na hilo nalo linaniudhi.

Kisha wiki haikuisha, ikaja habari kwamba wenye mashindano wameongeza nafasi. Timu ya pili nayo iende. Tulipiga vigelegele barabarani. Shangazi alikaa chini kwenye kigoda, akacheka peke yake, akaenda kumalizia pindo la gauni.

Komite ilikutana katika chumba cha darasa, nasi wachezaji tumebanana kwenye madawati ya watoto; shangazi alibaki nyumbani. Walizungumza mafuta, moto, mahali pa kulala. Wakafika kwenye nafasi. Nafasi hazitoshi, akasema mkubwa wa komite, na kwa heshima zote, mama wetu mwimbishaji haruki, goti lake tunalijua, na kule Salamabila tumeona wimbo ulituangusha. Kuna dada mmoja kijana anaimba na anaruka. Aende yeye. Alisema kwa upole, alitafuta maneno laini. Akauliza kama kuna mwenye neno.

Nilikuwa na neno. Lilikuwa limekaa pale kwenye ulimi, na darasa lilikuwa kimya la kutosha. Lakini mwalimu alikuwa na mruka mwingine aliyekuwa akiitamani nafasi yangu, na kama ningesema "niliangalia simu", ningebaki mimi. Nilianza kusoma majina yaliyochongwa na watoto kwenye dawati. Niliyasoma yote, hadi mkutano ukafungwa.

Shangazi alipoambiwa, hakulia mbele yetu. Alinipa kifurushi: gauni, na karanga za kukaanga katika mfuko. "Atakuja uwanjani," aliniambia. "Nimeshamwambia aje. Siwezi kumurudisha nyuma sasa. Umuone vizuri. Umuangalie kwa niaba yangu."

Nikamwahidi.

Kindu nilikuwa mtu mwingine. Niliapa kwamba sitarudia ujinga wa Salamabila, hata mbingu ipasuke. Nilikaa kwenye mstari nikisubiri zamu yangu, macho nimeyashusha kwenye magoti ya wapinzani, moja baada ya jingine, najifunza. Walipiga picha, sikuinua kichwa. Walinizomea, sikusikia. Shangazi angenionea fahari.

Mtu akanigusa mkono wa jezi kutoka nyuma.

"Weye ni wa Kasongo? Mama yangu iko wapi kati yao?"

Ilikuwa sauti ya mtoto wa kike, ya chini, iliyokuwa imetayarisha swali hilo kwa muda. Nilijua mara moja. Na kwa kuwa macho yangu yalikuwa chini, nilichokiona ni miguu yake tu: kandambili za buluu, moja imeungwa kwa waya, na vidole vyenye vumbi la njia ndefu. Mwamuzi alikuwa ameshaita namba yangu.

"Ngoja nimalize," nikamwambia. Sikugeuka. Nilijiambia kwamba nikigeuka sasa, nitampoteza mwenzangu, kama kule. Nikaingia.

Nilishinda mpambano ule. Nilishinda kwa namna nzuri kuliko yote maishani mwangu, mguu ulitoka kama umetumwa. Niliporudi kwenye mstari, mtoto hakuwapo. Nilimwuliza aliyekuwa karibu yangu, akasema alikuja mama mmoja akamshika mkono, wakaondoka. Mtoto alikuwa akitazama nyuma, akiangalia waimbaji wetu mmoja mmoja. Nilizunguka uwanja mzima na kifurushi kwapani. Mchana ule ule tulitolewa na timu nyingine, na pointi yangu haikutufikisha popote. Kesho yake nilikiacha kifurushi kwa yule mama muuza vitenge, tukarudi.

Shangazi alikuwa amesimama nje tulipofika. Hakuuliza kama tulishinda.

"Ulimuona?"

"Nilimwona."

"Amefika wapi?"

Nikainua mkono, nikauweka hapa, chini kidogo ya kifua changu. Sijui kwa nini hapo. Ulitua tu. Aliutazama mkono ule, akaja akasimama karibu, akapima na mwili wake mwenyewe.

"Ooo," akasema. "Gauni itakuwa fupi."

Akataka zaidi, nami nikampa. Nilimpa nywele zilizosukwa mistari. Nilimpa uso mwembamba kama wa bibi. Nilisema alipocheka nilidhani ni yeye shangazi anacheka. Shangazi yangu, mwanamke aliyekuwa na ulimi mkali kuliko wote mtaani, alinisikiliza akiwa ameshika mdomo kwa kiganja, na aliniomba nirudie habari ya kicheko.

Hakuimbisha tena. Walimwita mara mbili tatu, akasema wimbo wake unakimbia, hauaminiki.

Miaka sita imepita. Siku hizi nafundisha wasichana nzango shuleni, na ninawaambia yale yale: magoti, wimbo, macho yabaki pale. Mwaka jana mmoja wao alipoteza mpambano, nikamwuliza nini kimetokea, akanijibu bila kupepesa macho: "Niliangalia kando, mwalimu. Kosa ni langu." Kitoto cha darasa la sita. Alisema akaenda kunywa maji. Nilisimama pale uso umenishuka mbele ya watoto ambao hata hawakujua sababu.

Jumapili iliyofuata nikapiga moyo konde, nikaenda kwa shangazi. Alikuwa amekaa barazani akichambua maharage kwenye ungo. Binti yake sasa ni msichana mkubwa, wanasemeshana kwa simu siku ambazo watu wa baba yake wako na roho safi, lakini kuonana bado. Nilikaa kwenye mkeka. Sikuanza na habari za mvua.

"Shangazi, kule Salamabila wimbo haukuwa na kosa. Niliangalia simu ya mutu. Nilikusingizia."

Aliendelea kuchambua. Akatoa kijiwe, akakitupa.

"Najua."

"Unajua?"

"Mwimbishaji iko anaangalia nani, kama si muruka? Nilikuona ukiinua uso. Nilikuona unacheka. Hata meno nilihesabu."

Kisha nikamwuliza kwa nini alikubali, kwa nini aliinamisha kichwa, kwa nini kule kwenye komite hakutuma mtu aseme.

"Kwanza nilikasirika sana," akasema. "Nilitaka kukuchapa. Pale Salamabila nilinyamaza kwa sababu ya desturi. Lakini kisha ile habari ya nafasi ilikuja, nikafikiri. Goti yangu hii, hata bila uongo yako wangeniacha. Labda wangeniacha. Na nikisema, watakuacha weye pia. Sasa nani atabaki wa kwetu? Nani angeenda kumuangalia mutoto wangu?"

Alisema hivyo bila uchungu, kwa sauti ya mtu anayeeleza jinsi alivyopanga siku yake. Akaniangalia, akatabasamu, akasema kwamba kwa habari ile ya kicheko peke yake alishanisamehe zamani, na kwamba usiku mwingine akikosa usingizi huwa anaifikiria.

Nilikuwa nimekuja na kosa moja. La pili nilikuwa bado nalo: kandambili za buluu, waya, vumbi, na hakuna uso wowote. Nilifungua mdomo. Aliniuliza kama nitakunywa chai, nikasema ndiyo, akainuka taratibu kwa ajili ya goti, na mimi nikavuta ungo wake nikaendelea kuchambua maharage.